Kurasa Zilizogandana

Karakana yetu ya kujalidi vitabu ina meza tatu, mashine moja ya kukatia karatasi, birika la umeme lenye kutu mdomoni, na Gundi. Namtaja mwisho kwa heshima, maana yeye ndiye aliyekuwa akituendesha sote, mwenye karakana akiwemo. Jina hilo tulimpa sisi na wala halikumuudhi. Miaka ishirini na sita amekuwa akishona vitabu: madaftari ya mahudhurio ya shule, rejista za hospitali, tasnifu za watu wanaotaka jina lao ling'ae kwa dhahabu mgongoni mwa kitabu. Mimi nakata karatasi, naye ananiita Mkasi. Ukimkatia ukurasa ukapinda kwa unene wa uzi, anakurudishia bila neno, na hilo la bila neno ndilo linalouma.

Nataka kumweleza Gundi bila kumpamba, kwa sababu yeye hakuwahi kumpamba mtu. Lakini ijulikane pia kwamba yaliyomfika ni makubwa kuliko kosa lake, na kwamba mimi nilikuwepo, na mdomo wangu huu ulichangia.

Tulikuwa na mchezo wetu wa siku za mapumziko. Watu wazima wenye akili timamu wanaucheza, na jirani zao wanawaona wamechanganyikiwa. Mtu anaficha kikopo mahali fulani, chini ya daraja, kwenye tundu la mti, nyuma ya bomba la mvua. Ndani yake anaweka kitabu kidogo. Kisha anaandika kwenye mtandao wa mchezo mahali kilipo, kwa vipimo ambavyo simu inaweza kuvifuata. Wewe unakwenda, unapekua pekua huku wapita njia wakikuangalia kama mwizi wa nyaya, na ukikipata unaandika jina lako kitabuni na kukirudisha kama ulivyokikuta. Ukifika nyumbani unaandika mtandaoni: nimekipata. Hesabu yako inapanda moja. Zawadi hakuna. Ndiyo maana uongo katika mchezo huu unashangaza, na ndiyo maana nashindwa kueleza kwa nini upo mwingi.

Mwenye kikopo ana kazi ya kukagua. Anachukua kitabu, analinganisha majina na yale ya mtandaoni, na asiyekuwemo kitabuni anafutwa. Wengi hawajisumbui. Gundi alikuwa na vikopo kumi na vitatu na alivikagua vyote kila mwezi, na kalamu sikioni. Hakuwa na dogo. Kama mmekwenda watano akapanda mmoja, aandike mmoja. Kama hukukipata, andika hukukipata, hutakufa. Na kama hukuja kwenye mkutano wetu, au ulipita tu ukachungulia getini, usiandike umehudhuria.

Mimi mwenyewe alinifuta. Kilikuwa kikopo cha kwenye mnara wa maji, juu ya ngazi ya chuma. Nilibaki chini na kizunguzungu changu, rafiki yangu mfamasia akapanda akaniandikia jina, nami nikaenda nyumbani nikaandika mtandaoni sifa za upepo wa huko juu. Jumatatu Gundi alinisimamia mezani na kitabu.

"Mkasi, hii 'a' si yako. Ya kwako ina mkia."

Nikafutwa, na kundi zima likavunjika mbavu kwa wiki tatu. Hadi leo nikisema nimeona kitu, lazima mtu aulize kama nilikiona nikiwa juu au chini.

Aliyemwingiza Gundi katika mchezo huu ni mdogo wake wa kiume. Walizaliwa wawili tu. Gundi alipofiwa na mumewe alijifungia karakanani, anaingia kabla ya jua na kutoka baada ya jua, na huyo mdogo wake ndiye aliyekuja siku moja akamnyang'anya sindano mkononi. "Dada, vaa viatu vya kutembelea. Tunakwenda kutafuta kopo la mtu." Alimtoa nje kama mtu anavyotoa kiti kilichokaa sana stoo, akamfuta vumbi, akamweka juani.

Mdogo mtu alikuwa fundi lifti, na jina lake kundini lilikuwa Chumvi. Jina lilimfaa. Aliwahi kukwama kwenye lifti saa mbili pamoja na bibi harusi. Mwaka uliofuata alipoisimulia, walikuwemo bibi harusi na bwana harusi. Mwaka wa tatu ndoa ilikuwa imefungwa humo humo kati ya ghorofa ya tano na ya sita, na yeye ndiye shahidi. Tulimpenda kwa hilo. Nataka niseme wazi, tulimpenda sana. Lakini kumpenda mtu na kumwamini ni vitu viwili, na yeye alikuwa anajua ni kipi tulichompa.

Kisha mapafu yake yakaanza kumsaliti. Daktari alilaumu vumbi la miaka yote aliyoshinda ndani ya mashimo ya lifti, akamwachisha kazi na kumwekea mpaka: ghorofa moja kwa siku, na kwa kupumzika. Chumvi aliishi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Aliliona hilo ni la kuchekesha na alilisimulia kila mahali, akihema katikati ya sentensi.

Sasa, kikopo namba nne cha Gundi kipo juu ya machimbo ya zamani ya mawe, mwisho wa ngazi mia mbili na kumi na nne. Kitabu chake alikishona kwa mkono, kwa uzi uliopakwa nta, na jalada la kitambaa. Kati ya vikopo vyote kumi na vitatu, hicho ndicho pekee ambacho Chumvi hakuwa amekifikia. Kila mara alikuwa akisema atakwenda wiki ijayo, mpaka wiki zijazo zikamwishia.

Siku moja, saa ya chai ya alasiri, simu ya Gundi ikalia. Aliisoma, akaniwekea mezani. Chumvi alikuwa ameandika: "Namba nne, nimekipata. Ngazi zote. Nimepumzika mara tisa. Dada, nimefika."

"Huyu mtu hapandi hata kitanda," Gundi akasema.

"Labda alijikaza."

"Mkasi, namjua mdogo wangu."

Jioni hiyo mvua ilianza, ikanyesha siku nne. Ilipokatika Gundi akapanda machimboni. Aliyekifungua kikopo mara ya mwisho hakuwa amekibana kifuniko sawasawa, na maji yalikuwa yameingia. Alirudi na kitabu ndani ya mfuko. Kurasa za mwanzo zilifunguka. Jina la mwisho lililosomeka lilikuwa la mfamasia, la mwezi uliopita. Baada ya hapo kurasa saba au nane zilikuwa zimegandana, zimekuwa donge moja.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe. Mwanamke huyu aliwahi kuletewa rejista ya hospitali iliyolala ndani ya maji siku tatu, na akaifungua ukurasa kwa ukurasa, kwa mvuke wa birika na kisu chembamba cha mfupa, bila kuchana hata mmoja. Donge la kurasa nane kwake lilikuwa kazi ya nusu saa.

"Si ulifungue hilo?" nikamwambia.

"Ya nini? Nipoteze nusu saa kutafuta kitu ambacho hakimo?"

Akakitupa kitabu kwenye kopo la takataka za majaribio, lile analowekea karatasi mbovu za kujaribia kisu. Akashona kipya. Mtandaoni akaandika maneno yale yale aliyotuandikia sote: "Jina halikuonekana kitabuni. Taarifa imefutwa." Nafikiri alifanya makusudi kutomwandikia hata neno moja la udugu. Aliona kwamba akimpendelea mdogo wake, sisi wengine tutamsema. Na tungemsema kweli, najijua.

Mkutano wetu ulikuwa Jumamosi ya wiki ile, uani kwa maktaba. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye katibu wetu, alikuwa ameweka mezani daftari la mahudhurio, nalo pia ni la mkono wa Gundi. Chumvi aliingia amechelewa. Alisaini, akakaa kwanza apate pumzi, kisha akasimama mbele ya dada yake.

"Dada, umenifuta."

"Hukumo kitabuni."

"Niliandika. Kwa ile kalamu ya bluu uliyonipa. Nilikaa pale juu nikaandika."

"Kitabu ninacho. Nimekisoma. Wewe hukumo."

"Dada, safari hii siongezi kitu. Nakuapia."

Ua mzima ulikuwa umenyamaza. Na mimi siwezi kuvumilia ukimya, ni ugonjwa wangu, lazima niujaze. Nikasema kwa sauti, "Labda alipanda kwa lifti!"

Watu walicheka. Walicheka sana, ile ya kushikana mabega. Gundi naye akacheka, nilimwona, na Chumvi mwenyewe akacheka kidogo mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia, alirudi mezani polepole, akaichukua kalamu ya Mwalimu, akalikata jina lake kwenye mahudhurio kwa mstari mmoja.

"Basi na hapa sikuja," akasema, akatoka.

Jumatatu, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, simu ya Gundi ililia mara kumi na mbili. Mtu akifuta taarifa yake, mwenye kikopo anapata ujumbe. Chumvi alikuwa akijifuta. Kumi na mbili zilikuwa za vikopo vya dada yake. Wengine kundini nao wakaanza kupata zao, na kufikia Alhamisi alikuwa amezimaliza zote mia sita na kumi na nne, moja moja, kazi ya miaka tisa, kisha akafunga hata jina lake mtandaoni. Nilijaribu kuwaza mtu aliyekaa kwenye kiti na simu, akisoma kila siku njema aliyowahi kutembea, halafu anaifuta. Nikashindwa kumaliza kuwaza.

"Anadeka," Gundi alisema. "Ataacha."

Hakuacha. Naye Gundi hakumpigia. Kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze, na wote wawili walikuwa na kichwa kigumu cha baba mmoja. Wifi yake, mke wa Chumvi, alipiga simu mara mbili, akasema mumewe hatoki hata kwenye kibaraza, hataki kuongea, hasimulii tena chochote. Ile ya lifti ameiacha. Gundi alisikiliza akajibu, "Mpe salamu." Kisha alishona siku nzima bila kutugombeza, na hapo nikajua anaumia.

Ilipita miezi saba. Shule moja ikatuletea rejista iliyolowa kwa paa bovu. Gundi hagusi kazi ya mteja kabla ya kujaribu kisu kwenye takataka, kwa hiyo alitia mkono kwenye lile kopo akatoa donge la kwanza aliloligusa, bila hata kuliangalia, macho yake yakiwa kwenye birika. Mvuke ukapanda. Akaingiza kisu cha mfupa taratibu, akageuza, akaingiza tena. Ukurasa ukaachia.

Nilikuwa napiga stori, sikumbuki ya nini. Nilinyamaza nilipoona mkono wake umesimama.

Wino wa bluu ulikuwa umetambaa kwenye kingo lakini katikati ulisomeka vizuri. Palikuwa na tarehe. Palikuwa na saa, nne na dakika arobaini. Palikuwa na vijistari tisa vimepangwa kama mtu anavyohesabu magunia. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu anayehema: "Ngazi 214. Dada, usiseme natia chumvi."

Mwandiko ulikuwa wake. Hata mimi niliujua.

"Zima birika," Gundi akasema.

Nikalizima. Alikaa kwenye stuli yake, ameshika tama, na kurasa zilizobaki zikaanza kukauka na kushikana tena mbele yake. Nilitaka kumwambia hakukusudia. Lakini alikuwa amekusudia, ndilo tatizo. Hakukusudia kumdhulumu, ila nusu saa ile aliikataa kwa akili zake timamu, na alijua kwamba mimi najua.

Mchana huo huo tulikwenda. Alikuwa ameuweka ukurasa ndani ya plastiki ngumu, akaubeba kifuani. Ghorofa tatu, na njiani nilisikia midomo yake ikihesabu ngazi. Wifi yake alifungua. "Karibu, wifi," alisema, kwa adabu ile wanayopewa wageni wa mbali, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa.

Chumvi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mrija wa mashine ya hewa puani. Amekonda, shingo imeacha nafasi kwenye kola. Gundi hakukaa. Akapiga magoti, yeye mkubwa mbele ya mdogo, akamwekea ukurasa mapajani.

"Nisamehe. Ulikuwepo. Zilikuwa zimegandana, nikaona uvivu... hapana, haukuwa uvivu. Nilikuwa nimeshakuhukumu."

Chumvi aliutazama ukurasa muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya vile vijistari, kimoja kimoja, mpaka cha tisa. Kisha akamrudishia.

"Huu si wangu, dada."

"Ni mwandiko wako."

"Watu wengi wanaandika hivi. Ulikuwa sahihi. Sikupanda."

"Mdogo wangu, usinifanyie hivi."

"Sikupanda," alisema tena, kwa upole kabisa, huku akimtazama machoni. Halafu akaomba tumwache apumzike.

Sijui hadi leo alikusudia nini. Kuna siku nadhani alimwonea huruma, akataka dada yake abaki upande wa haki. Siku nyingine nadhani alimnyima msamaha kwa njia pekee iliyokuwa imebaki. Nilichoona ni kwamba mtu aliyetia chumvi maisha yake yote, mara moja akasema kweli akaitwa mwongo, sasa alikuwa amesema uongo mkavu, usio na pambo hata moja.

Mlangoni wifi alitutolea jozi ya viatu kutoka chini ya kabati. Vilikuwa na vumbi jeupe, lile la machimboni, limeshika hadi kwenye kamba.

"Siku ile alirudi navyo hivi. Nilitaka kukupigia nikwambie, akanikataza. Alisema, kama dada haniamini mimi, akija kuamini viatu nitafaidi nini?"

Gundi hakuvigusa. Alishuka ghorofa zote tatu ameshika ukuta.

Chumvi alifariki baada ya wiki tano. Gundi alikwenda kila siku katika wiki hizo, akakaa naye, wakaongea habari za hali ya hewa na dawa. Hakuuliza tena, naye hakusema. Alizikwa kama fundi lifti mstaafu aliyependwa na majirani zake, na mtandaoni hakukuwa na mahali hata pamoja panapoonyesha kwamba aliwahi kutafuta kopo la mtu.

Mkutano uliofuata, Gundi aliomba nafasi ya kuzungumza. Hajawahi kuomba. Alisimama uani kwa maktaba na ukurasa ndani ya plastiki, akaeleza yote, la donge, la nusu saa, la birika. "Alipanda," akasema. "Nataka iandikwe kwenye kumbukumbu za kundi kwamba alipanda, na kwamba nilimfuta kwa makosa."

Ukurasa ukapita mkono kwa mkono. Watu waliutazama kwa heshima kubwa, wakatikisa vichwa vyao, wakampa pole. Na nilipoona macho yao nilielewa. Hakuna aliyeamini. Walikuwa wanamwona dada aliyefiwa, ambaye pia ni fundi wa karatasi wa miaka ishirini na sita, asiyeshindwa kutengeneza ukurasa, na walikuwa wanamsamehe kabla hajamaliza kusema.

Mwalimu wa hesabu alikohoa. Ni mtu mwema, na kanuni alizifundishwa na Gundi mwenyewe.

"Dada, naomba kuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Marehemu aliuona huu ukurasa?"

"Aliuona."

"Na alikubali ni wake?"

Nilimwangalia Gundi. Sema ndiyo, nilimwomba moyoni. Neno moja tu. Nani atakukagua? Wifi hayupo hapa, mimi nitaapa mpaka kesho. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na nilimwona akilitafuta lile neno, akilitafuta kweli kweli, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kulihitaji.

"Hapana," akasema. "Alisema si wake."

Mwalimu akainamisha kichwa, akaandika: haikuthibitishwa.

Nikasimama. "Nilikuwepo! Niliuona ukifunguka, kwa macho yangu haya!"

"Ukiwa juu, Mkasi," mfamasia akauliza kutoka nyuma, "au chini?"

Hakuwa na ubaya, ulikuwa utani wetu wa zamani. Watu wakacheka, kicheko kile kile, uani pale pale. Nilibaki nimesimama mpaka Gundi akanivuta mkono wa shati.

"Kaa, Mkasi," akaniambia. "Kaa tu."

Kisha alikwenda mezani, akalifungua daftari la mahudhurio alilolishona mwenyewe, akalitafuta jina lake la siku hiyo, na kwa kalamu ya Mwalimu akalikata.